Mama mzee akivunjika nyonga, nani anaandika habari zake?



Kila kanisa letu lina madaftari. Tunaandika waliobatizwa, waliofunga ndoa, watoto waliobarikiwa na ndugu waliolala katika Bwana. Siku moja, tukitayarisha ripoti ya parokia yetu hapa Ibanda, tulifungua daftari la mazishi tukiwa na swali dogo: ni wazee wangapi waliokufa baada ya kuanguka?

Tulikuwa tukimkumbuka mama mmoja mjane, ambaye aliimba katika kwaya ya wamama tangu sisi tukiwa vijana. Asubuhi moja ya mvua aliteleza mbele ya mlango wake, kwenye mteremko wa udongo ambao kila mtu wa mji huu anaujua. Hakuweza kusimama tena. Familia, kwa upendo na kwa kukosa pesa, ilimpeleka kwa mtu anayekanda mifupa. Alilala huko majuma matatu. Alipofikishwa hospitali, vidonda vilikuwa vimetoka mgongoni na kifua kilikuwa kimejaa. Tuliomba, tukachanga, kisha tukamzika.

Katika daftari, mahali pa kuandika sababu ya kifo, tulikuta mwandiko wetu wenyewe: "Uzee."

Haukuwa uzee. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika, na siku zilikuwa zimepotea. Tuliangalia majina ya wazee wengine, tukakuta neno hilohilo mara nyingi. Swali letu halikupata jibu, kwa sababu sisi wenyewe hatukuandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliona kwamba si mali tu inayopotea hivyo, hata mama zetu.

Ndiyo maana leo tunapenda kueleza jambo ambalo kwa kawaida ni la madaktari, lakini linatugusa sisi pia: rejista ya wagonjwa waliovunjika nyonga, na namna inavyoweza kuokoa wazee.

Nyonga ya mzee huvunjika namna gani

Mfupa wa paja unapofika juu, unapinda na kuwa na shingo fupi, na mwisho wa shingo hiyo kuna kichwa cha mviringo kinachoingia katika mfupa wa kiuno. Mahali hapo hubeba uzito wa mwili wote. Mtu anapozeeka, mifupa yake hupungua nguvu ndani kwa ndani bila yeye kusikia maumivu. Kwa wanawake upungufu huo huenda haraka zaidi baada ya siku zao za mwezi kukoma. Kwa hiyo mzee hahitaji ajali ya gari. Inatosha kuteleza akienda choo usiku wakati umeme umekatika, au kujikwaa kwenye jiwe akiteremka barabarani.

Dalili zake zinajulikana. Baada ya kuanguka, mzee hawezi kusimama. Anasikia maumivu makali kwenye nyonga au kinena. Mara nyingi mguu ule unaonekana mfupi kuliko mwingine, na unyayo umegeukia nje. Mzee kama huyo asikandwe, asivutwe mguu, wala asilazimishwe kutembea. Awekwe mto katikati ya miguu, miguu ifungwe pamoja polepole kwa kitambaa, abebwe kwa machela, na apelekwe kupigwa radio siku ileile.

Kwa nini haraka? Kwa sababu mara nyingi mfupa wenyewe siyo unaoua. Kinachoua ni kulala. Mzee asiyeweza kugeuka kitandani hupata vidonda, mapafu yake hujaa na kushikwa na nimonia, damu huganda katika mishipa ya miguu, naye huacha kula. Ndiyo maana madaktari hupenda kumpasua mapema: wanaunga mfupa kwa chuma, au wanaondoa kichwa kilichoharibika na kuweka cha kutengenezwa. Shabaha yao ni kumkalisha na kumsimamisha mapema, ikiwezekana kesho yake.

Rejista siyo ripoti ya mwezi

Wengine watasema: lakini vituo vyetu vya afya huandika tayari. Ni kweli. Kila mwezi vituo na hospitali za nchi yetu hutuma hesabu kwa eneo la afya, yaani zone de santé: malaria ngapi, wamama wangapi wamezaa, watoto wangapi wamechanjwa. Hesabu hizo zina kazi yake. Lakini zinahesabu matukio, hazimfuati mtu.

Rejista humfuata mtu mmoja tangu siku aliyoanguka mpaka miezi imepita. Kwa kila mgonjwa maswali ni yaleyale, na kila jibu lina tarehe. Alianguka lini? Alifika hospitali lini? Alipasuliwa lini, na kama hakupasuliwa, ni kwa nini? Alipata vidonda? Alirudi wapi? Baada ya miezi minne yuko hai, na anatembea?

Mtu akisoma majibu ya mgonjwa mmoja, anajua habari za mgonjwa mmoja. Akisoma ya wagonjwa hamsini pamoja, anaanza kuona njia ilipokatika. Kama wengi walichelewa kabla ya kufika hospitali, kazi iko nyumbani na kanisani. Kama walifika mapema lakini wakangoja siku kumi wodini, kazi iko hospitalini. Kama sababu inayorudi kila mara ni pesa, basi tunajua kwamba hotuba juu ya dalili peke yake haitatosha.

Waliotutangulia

Wasomaji wetu wengi wa Kivu wanajua kwamba wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika kwetu mwaka 1921. Kutokana na kazi yao jumuiya ya CEPAC ilizaliwa, pamoja na shule na hospitali zake. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyotangulia katika jambo hili. Mwaka 1988 madaktari wa Uswidi walianzisha rejista ya nyonga zilizovunjika, iitwayo Rikshöft, kuanzia mji wa Lund. Hawakutaka kujua tu kama upasuaji ulikwenda vizuri. Waliuliza mgonjwa alikuwa akiishi wapi na kutembea namna gani kabla hajaanguka, kisha baada ya miezi minne wakauliza tena. Kwao dawa ilifanya kazi kama mama alirudi nyumbani kwake na kutembea, si kama picha ya radio ilikuwa nzuri tu.

Uingereza ilianzisha rejista yake ya taifa mwaka 2007. Waliungana watu wa aina mbili ambao zamani kila mmoja alifanya kazi peke yake: wapasuaji wa mifupa na madaktari wa wazee. Wanaandika wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi. Kila hospitali huona hesabu zake kando ya hesabu za hospitali nyingine, hivyo hakuna anayeweza kujidanganya kwamba anafanya vizuri. Tangu mwaka 2010 hospitali za Uingereza zilianza kupata malipo ya ziada kwa kila mgonjwa aliyehudumiwa kadiri ya masharti yaliyopangwa, kama kupasuliwa ndani ya saa 36 na kuonwa na daktari wa wazee.

Matunda yalipimwa. Katika hospitali zilizoshiriki, mwaka 2007 wagonjwa kama 545 kati ya 1000 walipasuliwa siku ya kufika au siku iliyofuata. Mwaka 2011 walikuwa 713. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa 109 kati ya 1000 mwaka 2007, na mwaka 2011 walikuwa 85. Ni watu 24 katika kila elfu moja, na huko kila mwaka huvunjika nyonga watu zaidi ya elfu 60. Siyo dawa mpya iliyoleta matunda hayo. Watu waliandika, wakasoma walichoandika, wakabadili mazoea yao.

Tuseme kweli pia: karatasi haiponyi. Hospitali inayoandika na kufunga daftari kabatini haitaokoa mtu. Rejista ni kama taa. Inaonyesha shimo, lakini kulifukia kunahitaji mikono.

Karibu zaidi na kwetu

Mtu atauliza: hayo ni ya Wazungu, sisi tuna nini? Tuangalie Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni mojawapo ya hospitali nyingi zinazofanya kazi na shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani. Shirika hilo hutoa vyuma vya kuunga mifupa kwa hospitali za nchi maskini, vyuma vinavyoweza kutiwa hata pale ambapo hakuna mashine ya kuonyesha picha wakati wa kupasua. Naye daktari ana wajibu wake: kila mgonjwa aliyempasua amwandike kwenye intaneti, pamoja na picha zake za radio. Madaktari wenzake wa mbali wanazitazama na kumshauri, na vyuma alivyotumia hurudishiwa vingine. Kwa njia hiyo mamia ya maelfu ya wagonjwa wa nchi maskini wameandikwa, ambao bila hivyo wasingejulikana.

Wengi wao ni vijana waliopata ajali, hasa za pikipiki, wala si wazee. Lakini kazi hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba uandishi wa namna hii unawezekana Afrika, katika hospitali zenye wagonjwa wengi na vyombo vichache. La pili ni udhaifu wake: wagonjwa wengi wakishatoka hospitali hawarudi. Njia ni ndefu, nauli hakuna, na aliyepona haoni sababu ya kurudi. Aliyekufa naye harudi. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya fishi hubaki tupu, nayo ndiyo inayojibu swali kubwa: je, alipona?

Nusu ya daftari iko kanisani

Hapo ndipo tulipofikia wazo ambalo tunapenda kuliweka mbele yenu. Hospitali inajua habari za mgonjwa tangu siku ya kuingia mpaka siku ya kutoka. Haijui kilichotokea kabla, wala kinachofuata. Sisi tunakijua. Shemasi anajua nyumba ya mama huyu, njia yake ya matope na jina la mjukuu anayelala naye. Tunajua kama Jumapili hii amekuja, au kama kiti chake ni kitupu. Kwa Uswidi, kuuliza habari za mgonjwa baada ya miezi minne ni kazi ya barua na simu. Kwetu ni kazi ya miguu, na miguu hiyo kanisa linayo.

Kazi hii siyo ngeni kwa kanisa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliosema Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hawakusahauliwa kwa chuki. Hakukuwa na mtu aliyewekwa kuangalia nani amepata na nani amekosa. Mitume hawakuhubiri tu juu ya upendo, waliweka watu saba wa kusimamia. Baadaye, Paulo anapomwandikia Timotheo barua ya kwanza, sura ya 5, anazungumza juu ya orodha ya wajane, na anataja hata umri: miaka 60. Ni umri uleule ambao rejista ya Uingereza huanzia. Kanisa la kwanza lilikuwa na orodha ya wamama wazee kabla hospitali hazijakuwa na yoyote.

Tunajua swali litakaloulizwa: je, Daudi hakuadhibiwa kwa kuhesabu watu? Ndiyo, tunasoma hivyo katika 2 Samweli 24. Lakini Daudi alihesabu wenye kushika upanga, ili ajue nguvu zake. Mchungaji wa Luka 15 naye alihesabu, la sivyo angejuaje kwamba kati ya kondoo mia mmoja hayupo? Mmoja alihesabu ili ajivune, mwingine ili atafute aliyepotea.

Hapa Bukavu tuna ushuhuda mwingine tunaoujua wote. Hospitali ya Panzi, ya CEPAC, iko hapahapa Ibanda, na ilianza kazi mwaka 1999. Wakati daktari Denis Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, dunia ilisikia juu ya mateso ya wanawake wetu. Lakini masikio ya dunia hayafunguliwi na kilio peke yake. Kila mwanamke aliyepokelewa na kuandikwa alifanya isiwezekane kusema kwamba ni uvumi. Wazee wanaovunjika nyonga hawana tuzo wala kamera, lakini kanuni ni ileile: asiyeandikwa ni rahisi kumkana.

Maswali kumi kwenye kaye

Hatuhitaji kungoja kompyuta. Kaye moja yenye mistari inatosha kuanza, mradi hospitali na makanisa yanayoizunguka wakubaliane juu ya maswali. Tumeyapanga hivi:

1. Umri wake, na kama ni mwanamke au mwanamume.
2. Kabla ya kuanguka alitembea namna gani: peke yake, kwa fimbo, au kwa kushikwa?
3. Alianguka tarehe gani, saa ngapi, mahali gani?
4. Alipelekwa wapi kwanza?
5. Alifika hospitali tarehe gani?
6. Radio ilionyesha mfupa umevunjika wapi?
7. Alipasuliwa tarehe gani, au kwa nini hakupasuliwa?
8. Alipata vidonda vya kulala au nimonia?
9. Alitoka tarehe gani, na akaenda kwa nani?
10. Baada ya siku 30, na baada ya miezi minne: yuko hai, anatembea, anaishi wapi?

Swali la 6 mpaka la 8 ni la hospitali. Swali la 2 mpaka la 4, pamoja na la 10, kanisa linaweza kusaidia kuyajibu vizuri kuliko mtu mwingine.

Tuangalie faida ya swali la 4 tu. Kama wengi walipita kwanza kwa wakandaji wa mifupa, tusiwatukane. Watu wanawaendea kwa sababu wako karibu, wanapokea malipo kidogo kidogo, na hawamfungii mgonjwa geti kwa ajili ya faktire. Tuketi nao, tukubaliane jambo moja: mzee aliyeanguka na hawezi kusimama apelekwe kwanza kupigwa radio. Na swali la 7 likijibiwa mara nyingi kwa neno "pesa", tutakuwa na hoja ya kupeleka kwenye mitiweli ya afya, kwa viongozi wa eneo la afya na kwa jumuiya zetu. Hoja yenye tarehe na hesabu husikilizwa tofauti na malalamiko.

Siri ya mgonjwa

Kuna jambo la kuangalia sana. Habari za ugonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Mzee aombwe ruhusa kwanza, na kama akili imechoka, aulizwe mtoto au ndugu anayemtunza. Akikataa, atunzwe vilevile bila kinyongo. Katika kaye ya kanisa iandikwe namba badala ya jina, na orodha ya majina ikae mahali pengine, kwenye kabati lenye ufunguo, kwa mtu mmoja aliyeaminiwa. Habari hizo zisisomwe mimbarani, hata kama ni kwa maombi, bila yeye kukubali. Na tusimwandike mshiriki wetu tu. Aliyeanguka ni jirani, awe Mkatoliki, Mwislamu au mtu asiye na kanisa.

Tuanze na nini

Kwa mashemasi na wamama wa kanisa tunaomba mambo matatu. Kwanza, katika kila ziara kwa mzee mtazame njia yake: jiwe linalotikisika, mlango wenye utelezi, choo kisicho na kitu cha kushikilia. Vijana wanaweza kutengeneza hayo kwa Jumamosi moja. Pili, mkisikia mzee ameanguka na hasimami, mwiteni mchungaji na watu wa kubeba saa ileile, msingoje ibada ya Jumapili. Tatu, akitoka hospitali, mhesabu siku 30, kisha miezi minne, mwende kwake na kaye.

Kwa wachungaji wenzetu tunaomba jambo moja tu: fungueni madaftari yenu ya mazishi. Palipoandikwa "uzee", waulizeni watoto wa marehemu kilichotokea. Huenda mtakuta, kama sisi, kwamba kabla ya kifo kulikuwa na siku ya mvua na mlango wenye utelezi.

Tulirudi kwa watoto wa yule mama wa kwaya. Waliketi nasi, wakahesabu kwa vidole siku aliyoanguka, siku aliyofika hospitali, siku aliyokufa. Binti yake mkubwa alisema hakuna mtu aliyewahi kuwauliza. Katika daftari letu tulipiga mstari juu ya neno "uzee" na kuandika kando yake: "Alivunjika nyonga. Alifika hospitali siku ya 22." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya rejista yetu. Haikumrudisha mama. Lakini Mungu aliyehesabu nywele za vichwa vyetu atusaidie, ili mama atakayeanguka msimu huu wa mvua afike siku ya kwanza.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.